Tipa ya mwanangu na lugha ya gereji

Ijumaa moja ya mwezi wa Septemba mwaka wa 2024, mwanangu alirejea kutoka shuleni akiwa amelikumbatia lori lake, akaliweka juu ya meza ya chakula, akaingia chumbani mwake bila ya kula. Lori lenyewe halikuwa na dosari. Magurudumu yalizunguka, taa zilimulika, na bodi ilipanda na kushuka kama ilivyotakiwa. Kilichoharibika kilikuwa kitu kingine, na ndicho kilichonifanya niishike kalamu hii, ingawa najua fika kwamba wako watakaoniuliza mhadhiri wa isimu ana nini na malori ya watoto.

Nianze mwanzo. Tunaishi Mountain View, kando ya barabara ya Waiyaki, ng'ambo tu ya Kangemi. Watoto wa mtaa wetu wamekulia katika vumbi la ujenzi. Barabara ya Waiyaki ilipokuwa ikipanuliwa, na baadaye ilipojengwa ile barabara ya juu ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa kilomita 27 na ambayo ilifunguliwa mwaka wa 2022, malori ya kubeba mchanga, kokoto na udongo yalipita mbele yetu usiku na mchana. Sisi wazazi tulilalamika juu ya kelele. Mwanangu yeye alisimama dirishani akiyahesabu. Alikuwa akiniita kila mara lori lilipoinua bodi yake ili kumwaga: "Mama, njoo uone tipa inatapika!" Nilimsahihisha, kama ilivyo ada ya watu wa kazi yangu, nikamwambia kwamba gari halitapiki, humwaga. Aliniangalia kwa huruma.

Basi alipofika Gredi ya 8, na walimu wa somo la ufundi wakawataka wanafunzi watumie likizo ya Agosti kutengeneza kifaa chochote chenye sehemu zinazojiendesha, hakuna aliyehitaji kumuuliza atatengeneza nini. Alitaka tipa. Tena hakutaka ile ya waya inayosukumwa kwa mti mrefu wenye usukani, ambayo wavulana wa Kangemi huiunda kwa ustadi mkubwa. Alitaka tipa inayokwenda kwa rimoti, inayokata kona, na inayomwaga mchanga wake pasipo kuguswa na mkono wa mtu. Baba yake ni mhasibu, na nyundo anaijua kwa jina tu. Mzigo ukaniangukia mimi.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya kuelekea katikati ya jiji, barabara ya Luthuli. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa pahali hapo. Tangu zamani ndiko watu wa jiji hili waendako kutafuta redio, spika, nyaya na kila kilicho na umeme ndani yake, na hata baada ya mwaka wa 2019, barabara ilipopunguziwa magari na wapita njia wakapewa nafasi ya kupumua, biashara hiyo haijahama. Niliingia katika kibanda kimoja cha ghorofani, nikamwambia kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta, kwa Kiswahili nilichokuwa nikijivunia, kwamba nahitaji kirusha mawimbi pamoja na kipokezi chake. Alinitazama, akamtazama mwanangu, kisha akamuuliza yeye: "Mathe anataka nini?" Mwanangu akajibu: "Rimoti na risiva." Kijana akauliza: "Chaneli ngapi?" Mwanangu akasema tatu. Biashara ikamalizika kwa muda wa dakika mbili, na mimi nikabaki na kazi ya kulipa shilingi elfu nne na ushei.

Nilipokuwa nikishuka ngazi nilimuuliza kwa nini tatu. Akanieleza kwamba kila kazi ina njia yake katika mawimbi: moja ya usukani, ya pili ya kwenda mbele na nyuma, ya tatu ya kuinua bodi. Akaniambia zaidi kwamba magari ya zamani ya kuchezea yalitumia mawimbi ya megahezi 27, na kwamba watoto wawili wenye magari ya namna hiyo wakicheza uwanja mmoja, rimoti ya mmoja huweza kuliendesha gari la mwenziwe. Haya ya siku hizi hutumia gigahezi 2.4, na rimoti na risiva hufunganishwa kwanza, kila moja ikamtambua mwenziwe, kiasi kwamba hata yakiwa magari kumi hayagombani. Haya yote aliyasema kwa Kiswahili, katikati ya msukumano wa watu wa barabara ya Luthuli, na wala hakukwama hata mara moja. Nakuomba msomaji ulikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Neno usukani nalo lilinifanya nitafakari njia nzima tukielekea kwenye matatu. Neno hili limetokana na Kiarabu, na asili yake ni ule ubao ulioko nyuma ya chombo unaokigeuza majini. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa nalo karne nyingi kabla ya gari la kwanza kushushwa bandarini Mombasa. Gari lilipokuja, hakuna kamati iliyoketi. Watu walikiona kitu kinachogeuza chombo, wakakipa jina la kitu kinachogeuza chombo. Na ajabu ni kwamba kifaa cha kwanza kuendeshwa hadharani kwa mawimbi ya redio nacho kilikuwa chombo cha majini: ni mashua ndogo ambayo Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mwaka wa 1898, na kazi mojawapo ya mawimbi yake ilikuwa kuugeuza usukani. Laiti mnahodha wa Lamu angalikuwapo siku hiyo, angalilitaja jina la kile kilichokuwa kikigeuka bila ya kusita.

Rimoti hainunui lori. Lililobaki lilikuwa kuliunda gari lenyewe, na hapo ndipo tulipomwendea fundi mmoja wa Kawangware, karibu na stendi ya 46, ambaye nilielekezwa kwake na mlinzi wa mtaa wetu. Kazi yake hasa ni malango: yale malango ya umeme yanayojifungua yenyewe katika nyumba za Lavington na Kileleshwa yanapokataa kufunguka, yeye ndiye anayeitwa. Sikumpa jina hapa kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Nitamwita fundi, kama tulivyomwita, ingawa mwanangu alimwita anko.

Fundi alitaka kwanza kujua lori litakuwa na ukubwa gani. Tuliamua kwamba kila kipimo cha lori la kweli kigawanywe kwa 14, hivi kwamba tipa yenye upana wa mita mbili na nusu ikawa na upana wa sentimita 18 hivi. Fremu tuliikata kutokana na vipande vya alumini vilivyobaki kwa watengenezaji wa madirisha. Bodi ilikuwa ya bati la geji 30, lile lile la kuezekea nyumba, lililokunjwa juu ya ubao na kufungwa kwa ribiti. Kichwa cha lori kilitoka katika mkebe wa mafuta ya kupikia, na ukiangalia kwa ndani utaona bado picha ya mmea umechanua. Matairi yalinifurahisha kuliko yote. Tuliyakata kutokana na mpira wa akala tuliouziwa na mshonaji viatu aliyekuwa jirani ya fundi, na akala, kama ajuavyo kila Mkenya, hutokana na matairi ya malori. Kwa hivyo tairi la lori lililokwisha kazi barabarani lilipata kuwa kiatu, kisha likawa tairi la lori tena.

Betri tulizitoa katika kompyuta iliyokufa, ambayo nilikuwa nimeiweka kabatini miaka mitatu kwa huzuni. Ndani yake mlikuwa na betri sita ndogo za duara, kila moja ya volti 3.7. Fundi alizipima zote, akazitupa nne, akaziunganisha mbili zilizosalia ili tupate volti 7.4, akatuonya kwamba betri za aina hiyo zikichajiwa ovyo huwaka moto, na akakataa kutupa mpaka tuliponunua kijisakiti cha kuzilinda. Mtu huyu hajapata kuketi katika darasa la fizikia baada ya kidato cha pili.

Sasa nije kwenye jeki, maana humo ndimo iliyomo hadithi yangu. Tipa za kweli huinua bodi kwa bomba la mafuta linalosukumwa na pampu. Kwa lori dogo kama letu hilo ni ghali na linavuja. Fundi alitumia chuma chembamba chenye nyuzi, unene wake milimita sita, kilichofungwa kwenye mota. Nati iliyoshikamana na bodi husafiri juu ya chuma hicho. Kila mzunguko mmoja huisogeza nati milimita moja, hivyo mizunguko 100 huisogeza sentimita 10, na hiyo ilitosha kuinua bodi hadi nyuzi 45. Kwa nini 45? Kwa sababu mchanga mkavu huanza kuteleza pembe inapozidi nyuzi 30 na kitu, na mchanga mbichi hung'ang'ania zaidi. Tuliligundua hilo mvua ya Agosti ilipotulowanishia mchanga wetu uani, bodi ikainuka mpaka mwisho na mzigo ukabaki mumo humo umeganda kama ugali. Mwanangu akasema tipa imekataa kutapika, na safari hii sikumsahihisha.

Mota hiyo ilizunguka mara 200 kwa dakika, kwa hiyo bodi ilichukua nusu dakika kupanda. Tatizo ni kwamba mota haina macho. Nati ilipofika mwisho wa chuma, mota iliendelea kuzunguka, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na rimoti siku hiyo na nilikuwa nikizungumza kwenye simu, nilisikia harufu ya plastiki iliyoungua kabla ya kuelewa nimefanya nini. Tulipoteza mota, na shilingi zangu mia saba, na heshima yangu.

Mvulana akarudi kwa fundi akiwa na swali: mota itajuaje kwamba imefika? Fundi hakumjibu. Alimpakia kwenye pikipiki, kwa idhini yangu, akampeleka Lavington alikokuwa na lango la kutengeneza. Huko alimwonyesha jinsi lango linavyokwenda likafika mwisho, likagonga kijiti, na kijiti kikabonyeza swichi ndogo inayokata umeme. Ziko mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Jioni ile mwanangu alirudi akiwa na mchoro wake, na siku iliyofuata walifunga swichi mbili kwenye jeki ya tipa, moja juu na moja chini. Lakini hapo pakazuka tatizo la pili: swichi ya juu ikishakata umeme, bodi itashukaje, maadamu umeme umekatwa? Walikaa nalo siku nzima. Dawa yake ikawa dayodi, kijidude cha ukubwa wa punje ya mchele kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ukikifunga sambamba na swichi, umeme wa kupanda huzuiwa, na wa kushuka hupata njia. Fundi aliijua dayodi. Aliyeona ifungwe wapi alikuwa mtoto.

Swichi hizo fundi aliziita "swichi za kusimamisha." Mwanangu akaziita walinzi: mlinzi wa juu na mlinzi wa chini. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwamba kazi ya mlinzi ni kusema hapa ndio mwisho, huyu asipite, na yule anayetoka mruhusu. Kaa uitazame sentensi hiyo, msomaji. Ndani yake mna swichi, na mna dayodi.

Nadhani sasa umekisia lililotukia shuleni. Siku ya kuonyesha miradi, kila mtoto alitakiwa kusimama mbele ya walimu na wenziwe akieleze kifaa chake. Nilikuwapo, nimekaa nyuma pamoja na wazazi wengine. Mwanangu aliliendesha lori lake, likakata kona, likarudi nyuma, likamwaga mchanga ndani ya sinia, na ukumbi ukapiga makofi. Kisha mwalimu mmoja akamuuliza swali zuri sana, swali ambalo ningaliuliza mimi: ni nini kinachoifanya mota isimame yenyewe bodi inapofika juu, na baadaye ikubali kurudi? Uso wa mtoto ukang'aa. Akaanza: "Kuna walinzi wawili..." Akakatizwa. Somo hili, aliambiwa, huelezwa kwa Kiingereza. Alisimama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama mwezi. Mwishowe akasema kwa Kiingereza kwamba inapanda na inashuka, akaketi. Aliyemfuata alikuja na gari la kuchimba lililonunuliwa dukani likiwa kamili, akaeleza sehemu zake moja baada ya nyingine kama zilivyoandikwa kwenye boksi, kwa Kiingereza fasaha, akapata alama za juu. Simlaumu mtoto huyo. Alifanya aliloambiwa afanye na watu wazima. Wala mwalimu simlaumu sana, kwa kuwa naye anafuata kanuni aliyoikuta, na shule yenyewe nitaistahi kwa kutoitaja.

Huenda ukasema, basi mtoto wako hajui Kiingereza. Anakijua. Anasoma vitabu vya hadithi vya lugha hiyo vyenye kurasa 300 na hunirekebisha matamshi yangu. Jambo ambalo hakuwa nalo ni lugha ya kitu hiki mahususi kwa Kiingereza, kwa sababu kitu hiki hakikufikiriwa kwa Kiingereza. Kilifikiriwa Kawangware. Kila sehemu yake ilipewa jina mdomoni mwa mtu aliyeishika mkononi: difu, jeki, nati, shafti, shokomzoba. Kumwambia mtoto alitafsiri wazo lake papo hapo, mbele ya watu 200, na kisha kumpa alama ndogo ya ufundi kwa kuwa tafsiri imemshinda, ni kumpima tafsiri huku tukiiandika alama hiyo chini ya jina la ufundi.

Na si hadithi mpya. Mimi ni mtoto wa mfumo wa 8-4-4, ule ulioanza mwaka wa 1985 kwa ahadi kwamba kila mtoto angetoka shuleni akiwa na kazi mikononi. Nakumbuka nilivyotakiwa kupeleka mwiko niliouchonga mwenyewe, na nakumbuka shangazi yangu alivyouchonga. Mwishoni mwa darasa la nane, mtihani wetu wa kazi za mikono ulikuwa karatasi ya kuchagua A, B, C au D, kwa Kiingereza. Niliupita vizuri sana. Mpaka leo sijui kushika patasi. Masomo hayo ya mikono baadaye yalipunguzwa katika mtihani, karakana nyingi ambazo wazazi walichangishwa kuzijenga zikawa mabohari ya madawati mabovu. Mtaala huu wa umilisi, ambao ulianza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, umeturudishia wazo lile lile, na wazo ni jema. Nahofia tu kwamba tumelirudisha pamoja na kasoro yake.

Hapa yanipasa nikiri dhambi yangu, maana wanafunzi wangu wanasoma gazeti hili. Isimu ninayoifundisha chuoni naifundisha kwa Kiingereza. Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu muundo wa nomino za Kiswahili, na niliiandika kwa Kiingereza, nikaitetea kwa Kiingereza mbele ya jopo ambalo kila mmoja wao alikuwa mzungumzaji wa Kiswahili. Tulipomaliza tulikunywa chai tukaongea Kiswahili. Hakuna aliyecheka.

Aidha kuna kosa la pili ambalo ni letu sisi wataalamu wa lugha. Tumetumia miaka mingi kuunda istilahi na kuwapelekea watu, mara chache tumekwenda kuwauliza wanazo gani. Sidharau kazi iliyofanywa. TUKI ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini hapa kwetu tumebishana juu ya tarakilishi na ngamizi hadi povu likatutoka, hali muuzaji wa Luthuli anauza kompyuta. Niliporudi kibandani kwa fundi na kumwambia kwamba ile risiva yake kwa Kiswahili ni kipokezi, alinijibu bila ya ubaya wowote: "Mwalimu, ukisema hivyo huku hakuna mtu atakuuzia."

Wako wenzangu ambao husema kwamba maneno ya gereji si Kiswahili bali ni Kiingereza kilichovunjika. Hebu tulitazame shokomzoba. Mafundi walilisikia neno la Kiingereza, wakalikata pale ambapo lugha yao iliwaelekeza, na ile sehemu ya pili wakaivika kiambishi m- kana kwamba ni mtu anayefanya kazi ya kuzoba. Hiyo ni sarufi ya Kibantu ikifanya kazi bila ya mshahara. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Bomba na parafujo tulipewa na Wareno, na sijamsikia mtu akidai virudishwe Lisbon. Neno huwa la lugha pale linapoanza kutii sarufi ya lugha hiyo, na haya ya gereji yametii zamani.

Na nyakati nyingine safari huwa ya upande wa pili. Mwaka wa 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya, wakaandika ripoti iliyoufanya ulimwengu uzungumze juu ya kile walichokiita sekta isiyo rasmi. Jina hilo ni la kukanusha tu, halisemi watu hao ni nani. Mafundi wa Kamukunji na Gikomba walikwisha kujiita kwa jina la kile kilichowachoma migongoni, jua kali, na hatimaye serikali yenyewe ikalazimika kuliandika jina hilo la Kiswahili katika kichwa cha waraka wake wa kisera wa mwaka wa 1992, uliotungwa kwa Kiingereza. Kumbe inawezekana.

Kiingereza nakitaka kiendelee kufundishwa, na kifundishwe barabara. Karatasi za maelezo ya mota na risiva zimeandikwa kwa Kichina na Kiingereza, na mtoto asiyezisoma atabaki nyuma. Ombi langu ni dogo kuliko hilo. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi mtoto aliyetengeneza kitu kwa mkono wake aruhusiwe kukieleza kwa mdomo katika lugha rasmi atakayoichagua, na walimu wamuulize mpaka waridhike kwamba anajua alichofanya. Ripoti ya maandishi ije baadaye kwa Kiingereza, apewe wiki mbili, asaidiwe na mwalimu wa lugha, na makosa yake ya Kiingereza yahesabiwe katika Kiingereza. Kadhalika fundi wa mtaa aalikwe darasani, na alipwe kama anavyolipwa mtu mwingine yeyote anayealikwa kutoa mhadhara. Tumezoea kumwita aje arekebishe bomba la choo, kisha tunamwonyesha lango.

Kwa upande wangu, muhula uliopita niliwatuma wanafunzi watano wa mwaka wa tatu Kawangware, Kangemi na barabara ya Kirinyaga, ambayo wenye vipuri bado huiita Grogan, wakiwa na madaftari. Niliwakataza kumsahihisha mtu yeyote. Walirudi na maneno 412, mengine yakiwa na maana tatu kutegemea karakana. Orodha hiyo nilimpelekea fundi aipitie. Alilifuta neno moja, akasema hilo husemwa na watu wa Gikomba pekee, na akaongeza mawili. Moja la hayo aliyoyaongeza ni mlinzi.

Analitumia siku hizi katika kazi yake. Alinisimulia kwamba juzi aliitwa Lavington kwa mama mmoja ambaye lango lake lilikuwa likifunguka lisisimame mpaka linagonga ukuta. Alichunguza, akamwambia mwenye nyumba kwamba mlinzi wa ndani ameharibika na itabidi abadilishwe siku hiyo hiyo. Mama akashtuka, akaomba asubiri kidogo, akaenda kumwita askari wake wa langoni aje ajitetee.